Uso wa Joha Kwenye Jalada

Mkasi ulikuwa juu ya meza yangu, na mwenye mkasi alikuwa amesimama mlangoni. Hapo ndipo nilipowaacha Jumapili iliyopita.

Kwa ambaye hakusoma, nitasema kwa kifupi. Mimi ni Kornelio, mtoto wa Mamboya, mwalimu wa kisomo cha watu wazima na mtunza maktaba wa kijiji kimoja cha ujamaa kati ya Mikumi na Kilosa. Mwaka 1974 tuliletewa vitabu sitini kutoka Kilosa. Kimoja kilikuwa hadithi ya mapenzi, na jaladani palikuwa na msichana wa gauni fupi. Wiki ile vitabu viliazimwa mara sitini na tatu.

Ndugu Thadeo, katibu wa Chama kijijini, akasema picha zinapotosha umma, na katika nchi ya usawa haifai kitabu kimoja kivae vizuri kuliko kingine. Majalada yote yakang'olewa, yakachomwa. Vitabu vikavikwa karatasi ya mifuko ya saruji iliyotoka kwenye ujenzi wa bwawa la Kidatu. Wiki iliyofuata viliazimwa vitabu tisa.

Daftari langu halidanganyi. Maneno ndani yalikuwa yale yale. Kilichoondoka ni nguo.

Ndipo nikamwomba katibu ruhusa ya kuchora picha moja tu, ya mama mkulima anayepepeta mahindi kwa ungo. Niliichora kwenye karatasi ya saruji iliyovikwa kijitabu cha kuzuia fukusi, wadudu watoboao mahindi ghalani, kitabu ambacho tangu kifike hakikuwa kimeguswa na mtu nje ya darasa langu. Miezi mitatu baadaye kilikuwa kimeazimwa na wanaume arobaini na wawili.

Kosa lilikuwa moja. Mama yule mkulima nilimpa mwanya na kovu dogo chini ya jicho la kushoto. Kijijini kwetu mwenye vyote viwili ni mmoja, Joha, mwanafunzi wangu, mke wa Mwinshehe fundi cherehani.

Na mwenye mkasi alikuwa Mwinshehe.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

Hakuitikia. Kwetu, mtu mzima asiyeitikia shikamoo ya kijana amekwisha kumhukumu.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Nimempita kisimani sasa hivi, mzee."

"Yule wa kisimani ni wangu. Namuuliza huyu wa kwako, wa karatasi. Jana niko kwenye cherehani, natia kola, Gabrieli anapita na baiskeli. Anamwambia mwenzake: 'Joha nilimrudisha, lakini nitamchukua tena, sijatosheka naye.' Sindano ikapita kwenye kidole changu."

Akakinyanyua nikione. Kilikuwa kimefungwa kitambaa cha sare za wakata miwa wa Ruhembe.

"Ni kitabu, mzee. Watu wamezoea kukiita hivyo kwa utani."

"Wamezoea! Fungua daftari. Nisomee wanaume wote waliokaa naye."

Nikasoma. Mwinshehe anasoma msahafu vizuri kuliko wengi, lakini herufi zetu hazijui. Vipimo vya wateja wake huviweka kwa mafundo ya uzi. Kila nilipotaja jina, alifunga fundo. Sikuruka hata moja. Nimefunzwa kwamba daftari husomwa lote au halisomwi.

"Arobaini na mawili," alisema, akiuzungusha uzi mkononi. "Na huyo wa mwisho anaye mpaka leo?"

"Anaye."

"Nani?"

"Ndugu Katibu. Leo siku ya kumi na sita."

"Siku kumi na sita! Mimi mwenyewe safari ya Ruhembe siwezi kukaa mbali naye siku kumi na sita."

"Mzee, humo ndani mna fukusi. Fukusi na ghala, basi. Hakuna mwanamke."

"Mtu hachori mlango wa nyumba ambayo hajawahi kuingia."

Akachukua mkasi wake.

"Kesho baada ya sala ya Ijumaa, kitabu kile kitasomwa shuleni mbele ya watu wote. Zikiwamo habari zake, hapo hapo nampa talaka tatu, arudi kwao Mvumi na nguo aliyovaa. Watoto wangu watatu atawasikia kwa jina. Na wewe utarudi Mamboya kwa miguu, kama utabakiwa nayo."

Alipotoka, niseme kweli, sikuogopa. Nilikuwa na uhakika. Kijitabu kile nilikijua ukurasa kwa ukurasa, kurasa thelathini na mbili za wadudu na majivu. Nani aliyewahi kupewa talaka kwa sababu ya fukusi?

Ijumaa darasa lilijaa hadi madirishani. Wanaume wa daftari walikaa nyuma, kila mmoja akijifanya hakuja kwa ajili yake. Joha aliketi mbele na watoto wake, mdogo mapajani. Hakunitazama.

Katibu Thadeo aliingia mwisho. Kitabu alikuwa amekibana kwapani, kimezungushiwa gazeti. Alipolitoa gazeti na kukiweka mezani, uso wa Joha ukatutazama sote, nami nikaona kitu kisichopaswa kuwapo.

Unene.

Kurasa thelathini na mbili zina unene wa mgongo wa kisu. Kile kilikuwa kinene kama tofali la sabuni.

Nilimtazama katibu. Katibu alitazama dari.

Nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona jibu la hesabu kabla ya kuifanya. Hadithi ya mapenzi, ile ile aliyoilaani mbele ya mkutano, alikuwa anaisoma mwenyewe. Na ili mkewe asimuulize na wapita njia wasishangae, ameihamishia karatasi ya mama mkulima. Kiongozi anajisomea barazani kwake habari za kuhifadhi mahindi, nani atamsema?

"Asome mwalimu," mtu mmoja alisema.

"Mshitakiwa asome hati yake?" Mwinshehe alijibu. "Hapana. Asome katibu."

Thadeo alijipapasa mfukoni. "Ndugu zangu, nimesahau miwani."

Miaka miwili nimefanya kazi naye. Sijawahi kumwona na miwani.

"Mzee Mwinshehe," Gabrieli alisema kutoka nyuma, "sisi wote tumekisoma. Mimi nilikiazima kwa ajili ya picha, sifichi. Nilidhani ndani nitakuta mambo. Nikakuta fukusi! Lakini nikasema, nimeshakibeba, basi nisome. Ghala langu mwaka huu halina tundu hata moja. Muulize yeyote hapa."

Watu wakacheka. Mwinshehe hakucheka.

"Mashahidi wangu arobaini na wawili ndio hao hao wezi wangu," alisema. "Nitaamini vipi?"

Ndipo Bibi Hildegarda, mjane wa makamo aliyekaa na Joha benchi moja miezi yote ya kisomo, akapiga magoti yake kwa viganja.

"Nyie wanaume mna kelele! Mwenye uso si huyu hapa? Na kusoma anajua, tena kaniacha nyuma mimi. Joha asome. Akijikuta humo ndani, atajiona mwenyewe."

Kelele za kukubali zikapanda. Mwinshehe alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kwamba sawa. Mke wake hawezi kusoma asichokiona, ndivyo alivyowaza. Angekuwa anajua kusoma, asingewaza hivyo.

Joha alimpa Hildegarda mtoto, akaja mezani. Nilisimama nyuma ya bega lake na fimbo ya kuonyeshea, kama darasani. Akafungua ukurasa wa kwanza.

Mstari wa kwanza ulikuwa unahusu kitanda. Wa pili, mke wa mtu. Wa tatu, kijana aliyekuja kumfundisha kusoma.

Sikuandika mimi kitabu kile. Lakini nani angeamini?

Alisoma kwa macho mistari yote mitatu, maana mimi ndiye niliyemfundisha na najua macho yake yanavyokwenda. Kisha akafungua kinywa.

"'Vuna mahindi yakiwa yamekauka,'" alisoma. "'Jaribu punje kwa jino. Jino likizama, bado. Punje ikikatika kwa mlio, tayari.'"

Sauti yake ilikuwa ile ya mwanafunzi, ya kuburuta. Nilibaki nimeshika fimbo.

"'Fagia ghala. Ziba... zibaa... nyufa. Ziba nyufa kwa udongo. Mahindi ya zamani yasichan... yasichanganywe na mapya.'"

Alikwama kwenye neno lile lile alilokuwa akikwama darasani. Ulikuwa ukurasa ule ule tuliousoma siku baada ya siku, kabla sijachora chochote. Alikuwa ameuhifadhi. Kidole chake kilipita chini ya maneno ya kitanda, na kinywa chake kikatoa majivu ya mwarobaini. Mistari ilipokwisha alifungua ukurasa wa pili, akaendelea. Alifungua na wa tatu.

Katibu Thadeo alikuwa anatokwa jasho kama mbebaji wa magunia.

"Inatosha," Mwinshehe alisema.

Mwinshehe akainua uzi wake wa mafundo arobaini na mawili, akautazama, akautupa chini.

"Basi wanaume wa kijiji hiki ni wajinga kuliko nilivyodhani," alisema. "Mtu anaazima mwanamke wa karatasi, anapewa fukusi, na bado mwenzake anapanga foleni."

Kicheko kilichofuata kilitoka kwa watu walioponea chupuchupu. Hata Joha alitabasamu, na mwanya ukaonekana, na kila mtu akatazama jalada, kisha akatazama chini.

Nilinyoosha mkono nikichukue kitabu. Mkono wa Mwinshehe ulitangulia.

"Hiki nakwenda nacho."

"Mzee, ni mali ya maktaba."

"Arobaini na wawili wamekichukua. Mimi mwenye mke nisiandikwe? Niandike, wa arobaini na tatu. Na Jumatatu nakuja kisomo. Ndugu Katibu kila siku anatuhimiza, siyo? Nitakisoma mwenyewe, neno kwa neno, mpaka mwisho. Mke wangu amesoma vizuri. Lakini mimi nguo naipima mara mbili kabla ya kuikata."

Katibu akapiga makofi. Alilazimika. Watu wote wakapiga makofi kwa mwanafunzi mpya.

Jumamosi asubuhi Joha alikuja maktaba na Hildegarda. Hildegarda alikaa kizingitini, akatupa mgongo, akaanza kuchambua mchicha kwa kelele nyingi kuliko mchicha unavyohitaji.

"Mwalimu," Joha alisema, "ulinichora kwa nini?"

"Nilihitaji uso wa mama mkulima."

"Kijiji kina wakulima mia nne."

"Wako naujua vipimo."

"Miezi minane nimekaa benchi la mbele. Ulikuwa unanifundisha herufi au unachukua vipimo?"

Ningetoa jibu gani la kweli ambalo lingemsaidia?

"Mimi nilijifunza kusoma ili barua za ndugu zangu zisipite kwa mtu mwingine kwanza," alisema. "Nilitaka mambo yangu yawe yangu. Wewe umenitundika kwenye karatasi, kila mwanaume ananikunja mfukoni. Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Basi leo mimi nakuuliza. Kitabu kiko chini ya mto wake. Anakilalia. Ndani mna jina langu?"

"Hapana. Mwanamke wa humo ana jina jingine kabisa."

"Atachukua muda gani kujua kusoma?"

"Wewe ulichukua miezi minne. Hakuna aliyekupita. Mtu wa umri wake, miezi minane. Pengine kumi."

Alihesabu kimoyomoyo. "Mwezi ujao atakwenda tena Ruhembe kushona sare. Kitabu hatakibeba, ataogopa mvua. Wewe tafuta kile cha fukusi, mimi nitabadilisha."

"Kiko kwa katibu. Sasa kina karatasi tupu, isiyo na picha."

"Kichukue. Akikataa, mwambie nitamsomea mkewe mistari mitatu ya kwanza. Naikumbuka pia."

"Msikie huyo!" Hildegarda alisema bila kugeuka. "Ningejua kisomo kinatoa makali hivi, nisingelala darasani."

Joha alisimama. Mlangoni aligeuka.

"Mwalimu, watoto wangu ni watatu. Mkubwa ana miaka tisa. Usifanye kosa jingine."

Nilikipata kijitabu jioni ile ile. Katibu alikitoa mara moja. Nikapanga mambo kama ratiba ya shule: mwezi mmoja wa kungoja, miezi minane ya kujifunza. Tulikuwa na miezi saba ya ziada. Jumapili nilikula vizuri.

Jumatatu saa nane na nusu mchana Mwinshehe alikuwa wa kwanza darasani. Alikaa benchi la mbele, mahali pa Joha pale pale, kitabu magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Aliitikia, na hilo likanipa moyo.

Wanafunzi wengine kumi na wanne walipokaa, nikaandika irabu tano ubaoni. Akainua mkono kabla sijatamka ya kwanza.

"Hizo nitazisoma baadaye. Leo nina haja ya neno moja. Niandikie jina la mke wangu."

"Kwa nini, mzee?"

"Ili nilitafute humu. Kusoma kutachukua muda, nimeambiwa. Lakini kutafuta umbo moja kwenye mengi, hiyo si kusoma. Hiyo ni kazi yangu ya kila siku."

Sikuwa nimewaza jambo hilo. Shule imenifundisha kwamba asiyejua kusoma haoni kitu kwenye ukurasa. Lakini nilitulia. Jina halimo. Mwache atafute, asilione, aridhike, na huenda akarudi kwenye cherehani yake leo leo. Nilikuwa karibu kushukuru.

Nikaandika kwa mwandiko mkubwa, wazi: Joha.

Alitoa chaki yake ya kushonea, akalinakili kwenye kipande cha kitambaa cheusi, umbo kwa umbo. Kisha akaanza. Kitambaa mkono wa kushoto, kidole cha kulia juu ya mstari. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Nilifundisha irabu kwa darasa lisilonisikiliza. Wa kumi. Wa hamsini. Kila alipokutana na neno lenye herufi nne alisimama, akalinganisha, akapita.

Saa nzima na robo. Alifika mwisho, akafunga kitabu.

"Halimo," alisema.

"Nilikwambia, mzee."

"Uliniambia."

Bibi Hildegarda alishusha pumzi kwa nguvu hata wa nyuma wakamsikia. Mimi niligeuka kufuta ubao.

"Usifute," Mwinshehe alisema.

Alikuwa amekigeuza kitabu, anaikagua ile karatasi ya saruji yenyewe, jinsi inavyokunjwa kuingia ndani. Akaikunjua pole pole kwa ukucha, kama mtu anayefumua pindo asiharibu kitambaa.

Ndugu wasomaji, tangu nianze kuwasimulia mkasa huu nimetaja kila namba na kila jina. Jambo moja nimelificha. Nililificha kwa Joha pia, maana aliniuliza kilichomo kitabuni, nami nikajibu la kitabu peke yake. Siku niliyochora picha ile, wanafunzi walikuwa shambani kwa pamba, nami nilikuwa peke yangu. Nilipomaliza kuchora, mkono haukutaka kuacha. Ndani ya mkunjo, mahali ambapo hakuna mtu hufika, na ambapo hata katibu alipoihamisha karatasi sidhani kama alipatazama, niliandika kwa penseli. Neno moja. Nililiandika mara tisa.

Mwinshehe aliinuka. Alikuja mpaka ubaoni na karatasi ile mkononi, akaibandika kwa kiganja chake kando ya jina nililoandika. Alitazama karatasi. Alitazama ubao. Mkia wa J yangu unapinda kushoto na kuishia na kitanzi. Nimeuandika hivyo tangu darasa la kwanza.

Darasa zima lilikuwa linatazama. Hildegarda alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Mwinshehe hakupaza sauti. Aliokota chaki yangu, akanipa.

"Andika tena, mwalimu," alisema. "Taratibu. Nataka kuona mkono unavyokwenda."